Kokwa za Ushindi

Kila alasiri Semeni alipotoka shule alipitia kwanza kwenye kibanda cha chakula cha mama yake. Hapo alikula wali uliobaki, akasugua masufuria kwa majivu, kisha akamshika mkono mdogo wake Swalehe na kurudi naye nyumbani. Kibanda kilikuwa pale Bungu, kando ya barabara kuu iendayo kusini. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Mabasi ya watu binafsi yalizidi kupita, mitumba ilitandazwa chini kila mahali, na mwanamke yeyote mwenye sufuria kubwa aliweza kusimamisha nguzo nne, akaezeka makuti na kuuza wali kwa samaki.

Baba yao, Mzee Abdala, alikaa muda mwingi shambani Ruaruke akiangalia mikorosho yake. Kwa hiyo sabuni, mafuta ya taa na sare za shule vilitoka kwenye sufuria la Mama Semeni. Mama mwenyewe hakulalamika. Alichotaka kwa binti yake ni kitu kimoja tu, amwangalie Swalehe vizuri mpaka yeye arudi.

Kazi hiyo haikuwa ndogo. Swalehe alikuwa na miaka sita na maswali yasiyo na mwisho. Kwa nini jogoo hatagi? Kiboko akilala anafumba macho? Nani alimfundisha nyuki kutengeneza asali? Jirani yao, Bi Tatu, kila alipomwona anakuja alijifanya amesinzia kwenye mkeka.

Ndipo Semeni akaleta mchezo kutoka shule. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kuutengeneza kwa katoni ya sabuni, na watoto waliuita Nimemficha. Semeni alikata mbao mbili za katoni, kila moja akaichora miraba, na ndani ya kila mraba akamchora mnyama. Alichora kuku, mbuzi, mamba, kiboko, kaa, kasa, nyuki, kima na wengineo. Wote walitambulika isipokuwa popo, ambaye alifanana na mwavuli uliovunjika.

Mchezo wenyewe ni wa watu wawili. Mmoja anamficha mnyama mmoja moyoni mwake. Mwenzake anauliza, "Anakaa majini?" au "Ana mabawa?" na anajibiwa ndiyo au hapana, basi. Akijibiwa hapana, anawafunika wanyama wote wenye mabawa. Anauliza tena, anafunika tena, mpaka abaki mnyama mmoja asiyefunikwa. Huyo ndiye aliyefichwa. Akimtaja, ameshinda.

Kufunikia walitumia karanga walizopewa na mama, na sheria yao ilikuwa kwamba mshindi anakula karanga zote. Swalehe aliupenda mchezo huo kuliko kitu chochote. Alikuwa akikunja uso, anashika kidevu chake kama mzee wa baraza, halafu anauliza swali ambalo hata Semeni hakulifikiria. Siku nyingine alishinda yeye, siku nyingine dada yake. Nyumba ilitulia, na Bi Tatu akaacha kujifanya amesinzia.

Kisha mama akakataza karanga.

"Karanga ni za kutia kwenye mboga ya wateja," alisema. "Chezeeni kokoto."

Swalehe alizitazama kokoto, akazisukuma kwa mguu. "Kokoto haziliwi," akasema. "Sasa nikishinda nitapata nini?" Akaanza kulia, na kilio chake kilijulikana mpaka kituo cha mabasi. Semeni alikuwa na kazi ya hesabu ya kumaliza, na kichwa kilikuwa kinamuuma. Akatoka nje kutafuta kitu cha kumnyamazishia.

Nyuma ya nyumba yao, kupita migomba ya Bi Tatu, kulikuwa na makaburi ya ukoo. Makaburi yale yalizungushiwa mibono, na msimu ule matunda yake yalikuwa yamekauka na kupasuka. Watoto wote wa mtaa walijua kwamba mbono wa makaburini haushikwi. Walikuwa wameambiwa tangu wadogo kwamba anayeuchuma hufuatwa na wenyewe waliolala pale. Semeni alitazama huku na huku, akachuma haraka, akajaza pindo la gauni na kukimbia. Jikoni alizibangua mbegu zile nyeusi. Ndani zilikuwa na kokwa nyeupe, nzuri, zinazofanana na karanga zilizomenywa.

"Nimepata karanga za mwituni," alimwambia Swalehe. "Sheria ni ile ile. Atakayeshinda atazila."

Hakukusudia mdogo wake azile hata moja. Kitu cha makaburini kuingia tumboni mwa mtoto, aliogopa hata kukifikiria. Alikuwa na mpango wake. Swalehe asingeshinda tena.

Na kweli hakushinda. Kila alipokaribia, Semeni alibadili mnyama wake kimoyomoyo. Akiwa amemficha kima, Swalehe akauliza kuhusu mkia, Semeni akajibu hapana na kuhamia kwa kaa. Mwishowe Swalehe alifunika ubao mzima, akabaki ameduwaa.

"Dada, wote wamekwisha. Hakuna aliyebaki."

"Hukunisikiliza vizuri. Umefunika ovyo."

"Nimesikiliza, dada."

"Basi umekosea. Nimeshinda mimi." Semeni akazikusanya kokwa, akasema atazila baadaye, akazirudisha kwenye kopo na kulipandisha juu ya kabati.

Siku chache zilipita hivyo. Swalehe akaanza kubadilika. Hakushika kidevu tena. Aliuliza kwa sauti ndogo, akafunika mnyama mmoja huku akimtazama dada yake usoni, kama anayeomba ruhusa. Siku moja alijipiga kofi kwenye paji la uso na kusema, "Kichwa changu kibovu." Semeni alisikia uchungu. Angesemaje? Uongo wa kwanza ulikuwa umemfunga kwenye wa pili.

Siku ya Jumatano shule iliwapa mapumziko ya kujisomea, na asubuhi walikuwa wakicheza sebuleni. Semeni alikuwa amemficha kasa, na mawazo yake yalikuwa kwenye mtihani wa kesho yake. Akajibu bila kufikiri.

"Anakaa majini?"

"Ndiyo."

"Ana meno?"

"Hapana."

"Anatembea upandeupande?"

"Hapana."

Swalehe alishika kidevu. "Ana nyumba mgongoni?"

"Ndiyo."

"Kasa," akasema Swalehe polepole, kama asiyeamini.

Wakati huo huo Bi Tatu aliita kutoka uani. "Semeni, we mwana! Mama yako anataka ndoo ya maji upesi. Basi mbili zimefika pamoja."

"Haya, umeshinda," Semeni alisema, akaichukua ndoo na kutoka mbio.

Aliporudi alimkuta Swalehe amekaa palepale, uso umechangamka kama siku za mwanzo. Ubao ulikuwa mtupu.

"Kokwa ziko wapi?"

"Nimekula. Si nilishinda? Ni tamu, dada, lakini sasa koo linaniwasha."

Semeni akakimbilia mtungi. Akamnywesha maji, akamwambia, "Mama asijue. Umesikia? Akijua tutapigwa wote."

Swalehe akaitikia kwa kichwa. Muda si muda akaanza kutapika.

Alasiri haijakwisha, mtoto alikuwa hawezi kusimama. Alitapika, akaharisha, akatapika tena, macho yakaingia ndani. Bi Tatu alikuja, akamwona, akamtuma Semeni mbio kumwita mama yake. Mama aliacha sufuria jikoni, akamfunga mwanawe mgongoni kwa kanga na kwenda naye zahanati karibu anakimbia. Semeni alimfuata nyuma. Akilini mwake kulikuwa na jambo moja tu. Wenyewe wa makaburini wamekuja, na hakuna daktari wa kuwazuia.

Wiki ile watu walikuwa wakinong'ona kwamba kipindupindu kimeingia vijiji vya deltani, na samaki wa mama walitoka huko huko. Zahanati walimkuta Daktari Mshamu, mtu mrefu mpole anayevuta maneno. Pembeni yake alisimama bwana afya, aliyetumwa kuangalia vyakula vya barabarani. Bwana afya alipomwona mtoto tu alirudi nyuma hatua moja.

Daktari Mshamu alimlaza Swalehe, akamminya tumbo, akamchungulia koo. Kisha akaanza kuuliza. Alikuwa na desturi ya kunyanyua vidole vinne vya mkono wake wa kushoto na kukunja kimoja kila alipoondoa jambo.

"Maji mnachota wapi, Mama Semeni?"

"Kisimani kwetu, daktari, na ya kunywa nachemsha. Naogopa maradhi na biashara yangu hii."

Daktari akakunja kidole. "Kameza dawa yoyote? Ya mikorosho, ya panya, ya mtu mzima?"

"Nyumbani hakuna. Ya mikorosho iko Ruaruke kwa baba yao."

Akakunja kingine. Halafu akamgeukia Semeni. "Wewe binti ndiye uliyeshinda naye. Kala kitu chochote cha porini? Tunda, jani, mbegu?"

Semeni alimtazama mama yake, akatazama sakafu.

"Hapana."

Daktari alimwangalia kidogo, kisha akakunja kidole hicho pia. "Chakula je?"

Mama alijibu kwa sauti iliyokauka. "Kala wali na samaki kibandani kwangu. Samaki wa deltani."

Kidole hicho hakikukunjwa. Kilibaki peke yake kimesimama, na watu wote chumbani wakakitazama.

"Linalonitatiza ni hili koo," alisema daktari. "Kipindupindu hakiunguzi koo. Lakini mengine yote tumeyaondoa."

"Yakiondolewa mengine linabaki moja," alisema bwana afya. "Mtoto aende kambi ya wagonjwa Kibiti. Gari linapita hapa jioni. Na mimi naenda kufunga kile kibanda sasa hivi."

Akatoka. Haikuchukua muda habari ikatapakaa. Bi Tatu aliyekuwa ameleta shuka alisimulia yanayoendelea huko barabarani. Wali ulimwagwa shimoni na kufukiwa kwa chokaa, samaki vivyo hivyo. Kamba ilifungwa kuzunguka nguzo. Utingo wa basi moja aliwapigia abiria kelele wasishuke, kuna kipindupindu kwa yule mama. Wanawake wa vibanda vya jirani, waliokuwa wakiazimana chumvi naye kila siku, walikuwa wamegeuka upande mwingine.

Mama Semeni alisikiliza yote. Alikaa kwenye ngazi ya zahanati, akajifunika kanga kichwani.

"Kibanda si kitu," alisema baadaye, kama anajisemea mwenyewe. "Mimi nimemlisha mwanangu maradhi kwa mkono wangu huu. Nilimwona anakula, nikamwongeza."

Semeni alisimama nyuma yake. Alitaka kusema, si wewe, mama. Maneno yalifika mdomoni yakarudi. Akisema, atasema na makaburi. Akisema na makaburi, baba atajua, mtaa mzima utajua. Tena kutasaidia nini, kama wenyewe wamekwisha kuja?

Ndani, dripu ilikuwa ikidondoka. Swalehe alifumbua macho, akamwona dada yake mlangoni, akajaribu kutabasamu.

"Nilishinda," alisema kwa sauti ya chini. "Kasa."

"Anasema nini?" daktari aliuliza.

"Anaweweseka," mama alijibu akiingia. "Tangu lini amezungumza na kasa."

Swalehe hakusema zaidi. Alimtazama Semeni kwa macho yale yale ya kuomba ruhusa, na Semeni akaelewa. Mtoto alikuwa amekatazwa kusema, naye alikuwa anatii. Angeingizwa kwenye gari, angelazwa katikati ya wagonjwa wa kipindupindu chenyewe, na bado angetii.

Semeni akautazama mkono wa daktari uliokuwa umeshika ukingo wa kitanda. Akavikumbuka vile vidole vilivyokunjwa. Daktari alikuwa ameuliza swali zuri kabisa, swali lililokuwa limemgusa yule aliyefichwa, na yeye Semeni akamjibu hapana. Sasa daktari amefunika ubao mzima, na amebaki na kitu kisichokuwepo.

"Haweweseki," alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Anasema kweli. Alishinda, akala kokwa za ushindi. Zilikuwa mbono. Mimi nilizichuma makaburini nikamwambia ni karanga."

Mama alimgeukia, mkono ukanyanyuka, kisha ukashuka wenyewe.

Daktari Mshamu hakupoteza muda. "Sasa nijibu upesi, na unijibu vile vile ilivyokuwa. Alizila saa ngapi?"

"Mabasi mawili yalipofika pamoja. Bado adhuhuri haijaadhiniwa."

"Nyingi?"

"Karibu kujaza kiganja changu."

"Alizitafuna au alizimeza?"

"Alizitafuna. Alisema ni tamu, halafu koo likamwasha."

"Hilo koo," daktari alisema, na akashusha pumzi. "Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta." Akamwita muuguzi abadilishe chupa ya dripu, akachanganya maji ya chumvi na sukari, akamweka mama kitandani amnyweshe mtoto kijiko baada ya kijiko. Bi Tatu alitumwa kwa bwana afya kumwambia gari lisisimame. "Hahami hapa. Nitamwangalia mwenyewe. Mbono unaunguza matumbo na kumkausha mtoto. Umri huu, na kiasi kile, unaweza kumwondoa."

Semeni akashtuka. "Kwani si wenyewe wa makaburini?"

Daktari aliacha alichokuwa akifanya. "Nani alikuambia hivyo?"

"Watu wote, daktari. Ukichuma mbono wao wanakufuata. Nikaona hata nikisema, wewe huna dawa yake."

Daktari alimtazama mama, na mama akainamisha uso.

Swalehe alipita usiku mgumu, lakini kulipopambazuka aliomba uji. Mzee Abdala alifika asubuhi ile kwa baiskeli kutoka Ruaruke, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliposimuliwa yote alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamfuta Swalehe uso. Semeni alikuwa amejiandaa kwa fimbo. Fimbo haikuja, na kukaa akiingoja kulikuwa kubaya zaidi.

"Mbegu ya mbono ni sumu," baba alisema mwishowe. "Mimi naijua, mama yako anaijua, babu zetu waliijua. Ila tuliona ni rahisi kuwatisha nyinyi kwa wafu kuliko kukaa chini tukawaeleza. Hilo ni letu, na tutawaeleza watoto wote wa mtaa. Lakini Semeni, jana mdogo wako alipokuambia amekula, uliijua hofu uliyokuwa nayo. Hofu ile ungeileta kwangu au kwa mama yako, hata kama ni ya mambo ya uongo, tungemfikisha hapa mapema."

Daktari Mshamu, aliyekuwa akipima mapigo ya mtoto, aliongeza bila kugeuka. "Watu wanadhani kazi yangu ni sindano. Kazi yangu ni kuuliza. Hapa sina mashine ya kuona ndani ya tumbo, nina maswali yangu na majibu ya watu. Ukinipa jibu la uongo, ninakuwa nimefumbwa macho kwa mkono wako, halafu natembea na mtoto wa watu mgongoni. Jana ulikaribia kunitembeza mpaka shimoni. Ulipoamua kusema kweli, ulikuwa unaogopa?"

"Ndiyo, daktari."

"Lakini ulisema. Shika hilo."

Bwana afya aliikata kamba mwenyewe na kupita kibanda kwa kibanda akisema chakula cha Mama Semeni ni salama. Hata hivyo, maneno ya kwanza yalikuwa yamekwisha kupanda mabasi. Kwa wiki nyingi abiria walishuka, wakakitazama kibanda, wakaenda kula kwingine. Mama alirudi jioni na sufuria lililojaa, na familia ikala wali wa wateja mpaka wakauchoka. Semeni alikuwa akienda kila siku kusugua masufuria ambayo hayakuwa na kazi kubwa, machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwambia asilie.

Swalehe alipona. Ila ubao wa katoni hakuugusa. Semeni alipoutoa, alisema tu, "Sitaki. Utabadilisha."

Semeni alimwendea mama yake jikoni. "Nimemwomba radhi, mama. Nimemwapia sitabadilisha tena. Hataki kuniamini."

Mama alikuwa akimenya karanga kwa ajili ya mboga. Aliendelea kumenya kidogo, kisha akachota zilizojaa kiganja na kummiminia binti yake mkononi.

"Kuapa ni maneno, na maneno yako ameyaonja," alisema. "Usimwambie akuamini. Mfanyie kitu atakachokiona. Tena kifanye kila siku, mpaka yeye mwenyewe atosheke. Mwongo hurudishiwa imani kidogokidogo, mwanangu, na anayeirudisha ni yule aliyedanganywa."

Semeni alirudi sebuleni. Safari hii alikata vipande vidogo vya katoni, akamchora kila mnyama kwenye kipande chake, ili anayeficha akiweke kipande chini ya goti na asiweze kuhama. Akaupanga ubao mbele ya mdogo wake, akaweka kipande kimoja chini ya goti lake, akamwaga karanga. Swalehe alizitazama, akarudisha mikono mgongoni.

Semeni alichukua karanga moja, akaitafuna mbele yake, akaimeza, akafungua kinywa kumwonyesha. Akachukua nyingine, akafanya vile vile. Swalehe alisubiri. Alisubiri sana, akimtazama dada yake usoni kuona kama ataugua.

Kisha akakaa chini, akashika kidevu.

"Anakaa majini?" akauliza.

"Ndiyo," Semeni akajibu.

Swalehe aliinama, akachungulia chini ya goti la dada yake kuhakikisha hajadanganywa, na Semeni akaliinua goti aone, hata kama mchezo ungeishia hapo.